Kihamba: Urithi wa Ukoo na Makao ya Viumbe

Historia ya Usharika wowote wa mlimani Kilimanjaro haiwezi kuelezwa bila kukitaja kihamba. Wamisionari wa Leipzig walipoingia Uchaggani mwaka 1893 walikuta koo zimekwisha kukaa vihambani kwa vizazi vingi, mpaka ukionyeshwa na masale, maji yakifika kwa mfongo, na wazee wakizikwa humo humo. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, aliichunguza desturi hiyo kwa makini. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926.

Kwa desturi, kihamba hakikuwa mali ya kuuzwa. Baba alikilinda kwa niaba ya waliolala humo na ya wale ambao hawajazaliwa. Kitinda mimba wa kiume alibaki na nyumba ya wazazi, mwana mkubwa alipata sehemu yake, na wa kati walitafutiwa pori penye nafasi. Mpango huo ulifaa maadamu pori lilikuwapo.

Ndani ya kihamba mimea hukaa kwa ghorofa. Juu husimama mfuruanje, mringaringa na msesewe (ambao gome lake hutiwa katika mbege, jambo lisilowafurahisha wachungaji wote). Chini yake ni migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu zaidi ya aina 520 za mimea katika vihamba, na zaidi ya 400 kati yake haikupandwa na mtu. Hondohondo hushuka kutoka msituni kula matunda, komba hulia usiku, nyuki hupata maua. Mababu hawakunuia kuhifadhi wanyama. Mti mkubwa waliuacha kwa sababu ulikuwa na kazi.

Kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilisomesha watoto na kujenga makanisa, nayo ilihitaji kivuli. Bei ilipoanguka wengi waling'oa mibuni, na mti wa kivuli ukakosa mtetezi. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ilipopanuliwa na kuuchukua msitu, kuni na mbao zilitafutwa zaidi kihambani.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kugawana. Eneo ambalo kwa kawaida halifiki hekta moja likikatwa mara tatu halibebi tena miti mirefu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini warithi wameongezeka, kihamba hakikuongezeka. Familia nyingine zimeamua kutokigawa, zikamwachia mmoja akitunze kwa niaba ya wote. Nyingine hungoja Desemba, ndugu wote wanaporudi kutoka mijini kwa Krismasi, wakapima viwanja vya nyumba za matofali, na aghalabu mfuruanje ndio unaotangulia kuanguka.