Urithi wa Uvimbe: Vipande Vilivyopita Embakasi

Kabla ya nyumba za Umoja kusimamishwa juu ya udongo mweusi wa mashariki ya Nairobi katika miaka ya 1970, uwanja wa ndege wa Embakasi ulio jirani ulikuwa ukipitisha vipande vya uvimbe wa saratani, vilivyokatwa na mpasuaji Peter Clifford kwa wagonjwa wa Hospitali ya Kenyatta, wengi wao watoto, vikielekea Stockholm kwa George Klein na mkewe Eva. Maradhi ya uvimbe huo mpasuaji Denis Burkitt alikwisha kuyaeleza mwaka 1958 kutoka Mulago, Kampala. Na mwaka 1967 akina Klein walizipata kwa mgonjwa mmoja seli ziitwazo Daudi, ambazo hata sasa zinazaana katika maabara za ulimwengu.

George Klein huyohuyo alishughulishwa na suala lililowagawa wataalamu: seli ya saratani ikiunganishwa na seli ya kawaida, kizazi chake kitarithi tabia ya nani? Huko Ufaransa, mwaka 1960, Georges Barski alipata seli chotara za panya, na kwa kuwa zilizaa uvimbe, ilidhaniwa kuwa saratani ndiyo itawalayo. Ndipo mwaka 1969 Henry Harris wa Oxford, akishirikiana na Klein, alipotumia virusi vya Sendai vilivyokwisha kuuliwa nguvu, vikazigandisha seli mbili hata ngao zao zikayeyukiana na viini vikakaa ndani ya mwili mmoja. Na chotara hizo, zilipopandikizwa katika panya, aghalabu hazikuota. Ila chotara haina amana. Kila igawanyikapo huangusha kromosomu hii na ile, na zilizopoteza za mzazi mpole ziliurudia ukali. Barski, kwa rai yangu, alikutana na wajukuu waliokwisha kufilisika.

Daudi nazo zilikuwa na upungufu wao, kwani usoni mwao hazina alama za HLA za daraja la kwanza, ambazo kwazo mwili hujitambua. Zilipounganishwa na seli za HeLa, ukoo mwingine wa seli za saratani wa maabara, alama zikarejea.

Ajabu ni kwamba uvimbe uleule wa Afrika Mashariki ulikataa kuingia wote katika hoja kwamba saratani hutokana na upungufu. Mwaka 1972 watafiti Manolov na Manolova waliona kromosomu ya 14 imeongezeka kipande. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakathibitisha kuwa kimetoka kwenye ya 8. Na mwaka 1982 ikajulikana kuwa kilichohamishwa ni jeni ya myc, iliyowekwa kando ya jeni za kinga zisizopumzika, nayo ikaanza kufanya kazi bila kukoma.