Nani Alisema Usonji Haukuwapo Kwetu?

Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu hapa Uvira, na kushuka pwani ya Ziwa Tanganyika kuelekea Makobola na Baraka, kuna kauli inayorudiwa hata na watu waliosoma: usonji ni ugonjwa wa Wazungu, wazee wetu hawakuwa nao, umetuingilia pamoja na vita. Wengi wanaoisema hawajui kwamba nusu yake imeegemea utafiti wenye jina na mwaka. Nimeusoma utafiti huo, nao hausemi wanachousemesha.

Mwandishi wake ni Victor Lotter. Mwaka 1966 alichapisha hesabu ya kwanza ya watoto wenye usonji katika jamii nzima. Aliifanya Middlesex, Uingereza, kati ya watoto wa miaka 8 hadi 10, akapata 4.5 katika kila 10,000. Kisha akageukia Afrika. Katika makala yake ya 1978 alieleza alivyotembelea miji tisa ya nchi sita: Ghana, Nigeria, Kenya, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kati ya watoto wapatao 1,300 wenye ulemavu wa akili, tisa tu ndio waliotimiza vigezo vyake. Tisa! Hapo ndipo wengine walipokimbilia kuandika kwamba usonji ni nadra barani kwetu.

Lakini tazama alikoanzia. Middlesex alianza na watoto wote wa mkoa. Afrika alianza na waliokuwa tayari ndani ya vituo na shule maalumu. Ni mtoto gani aliyepata nafasi katika shule hizo miaka ya sabini? Zilikuwa chache, zilikuwa mijini, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi humpokea yule anayeweza kukaa kitako. Anayeng'ata, anayetoroka, asiyesema wala kuitika, huyo alibaki nyumbani. Mvuvi wa Kalundu akitumia wavu wa matundu makubwa hapati ndagala, lakini harudi nchi kavu kutangaza kwamba ziwa halina ndagala.

Lotter mwenyewe sina ugomvi naye. Alipita njia ambayo karibu hakuna aliyekuwa ameipita, na alitaja jambo linalostahili kuchunguzwa hadi leo: watoto aliowaona hawakuwa sana na ile mitikisiko ya mwili inayojirudiarudia iliyoandikwa Ulaya. Ugomvi wangu ni na waliochukua tisa yake wakaifanya sheria ya bara zima. Kongo haikuwamo hata katika zile nchi sita.

Basi kama kauli ile haina msingi, swali linalobaki ni jinsi ya kuwatunza watoto hawa. Nianze na Wabelgiji waliotutawala, maana hapa kuna jambo linaloniuma. Nchi yao ina mji uitwao Geel. Tangu enzi za kati familia za huko zimewapokea nyumbani watu wenye maradhi ya akili na wenye ulemavu wa akili, wakala nao na kufanya nao kazi. Mwaka 1938 wageni hao walipita 3,700. Huko Gent, mwaka 1815, padri Triest aliwavua wagonjwa minyororo. Mabruda wa Upendo, shirika alilolianzisha Triest mwaka 1807, ndio waliofungua kituo cha maradhi ya akili cha Kamenge, Bujumbura, mwaka 1981, na Sosame ya Bukavu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika. Ni kazi ya heshima. Hata hivyo kilichovuka bahari kilikuwa wadi na geti. Desturi ya Geel, ambayo ingeelewana upesi na nyumba zetu zilizozoea kulea mtoto wa ndugu, ilibaki Ubelgiji.

Marekani nako hakukuwa peponi. Mwaka 1965 gazeti la Life lilionyesha watoto wenye usonji wakipigwa makofi na kutiwa umeme katika chuo kikuu cha UCLA, chini ya Ivar Lovaas, kwa jina la tiba. Wapo wanaomtetea kwa matokeo yake, nami siwezi kuungana nao. Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 1985, Edward Carr na Mark Durand walipofanya kazi na watoto wanne. Waliuliza kila fujo inaleta nini: kukwepa kazi ngumu, au kutazamwa na mwalimu? Kisha wakawafundisha watoto kuomba kitu hichohicho kwa maneno, na fujo ikapungua. Kufikia mwaka 1990 Robert Horner na wenzake walikuwa wakiandika waziwazi juu ya kusaidia tabia bila maumivu. Hicho ndicho kinachoitwa leo usaidizi chanya wa tabia.

Ulete usaidizi huo Uvira. Mtoto anakimbilia ziwani kila alasiri, na mama, akiogopa, anamfunga kamba mguuni. Hofu yake ni ya kweli. Kuzama ni kati ya sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji. Ila kamba haiulizi kitu. Anaondoka saa ngapi? Kelele za nani zimetangulia? Anapofika majini anatulia? Kama anatafuta ubaridi na ukimya, beseni la maji uani na ishara ya mkono ya kuyaomba vinaweza kufanya kazi ambayo kamba haitaifanya kamwe, huku mlango ukiwa na komeo na mtu mzima akiwa macho.

Bibi anayesema mjukuu huyu Mungu ndiye aliyemleta hivi, ninamsikiliza kwa subira, kwa sababu tafsiri yake inamwacha mtoto jikoni pamoja na wenzake. Pasta anayemfungia chumba cha maombi, akamnyima chakula na kumwita mchawi, simpi subira hata kidogo, na sheria pia haimpi. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaadhibu tuhuma hiyo kwa kifungo.

Mei 2022 Kongo ilipata pia sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake unahitaji majina na nyumba, wakati sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya mwaka 1984. Lakini mareko, wale wahudumu wa afya wa kijamii wanaopita mlango kwa mlango kwa ajili ya kipindupindu na matone ya polio, wanajua tayari ni uani gani kuna mtoto asiyetolewa nje. Waongezewe swali moja kwenye karatasi zao, na mafunzo ya kujua la kumwambia mama akishajibu.