KUHARIBIKA AU KUZIMIKA? Historia Fupi ya Istilahi za Hitilafu katika Vihariri vya Programu

Mwanafunzi wa chuo anasakinisha kihariri, yaani programu ambayo kwayo huandikwa programu nyingine. Usakinishaji wakamilika pasipo lalamiko lolote. Anakifungua, dirisha laonekana kwa sekunde moja, kisha latoweka. Akiulizwa kuna nini, hujibu: "Kimeharibika." Na kwa kuwa kitu kilichoharibika aghalabu hutupwa kikaletwa kingine, basi hukiondoa kihariri na kukisakinisha upya, dirisha latoweka tena. Aweza kurudia kazi hiyo mara tano na kulimaliza salio lake la intaneti, asifike popote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya taabu hiyo imo katika neno lenyewe, na kwamba historia ya fani hii yaweza kutuongoza katika kuchagua neno lililo bora.

Tuanze na neno linalofahamika kuliko yote. Waingereza na Wamarekani huita kasoro ya programu "mdudu". Wengi hudhani kwamba jina hilo lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, siku ambapo wafanyakazi wa kompyuta iitwayo Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenaswa katika swichi mojawapo ya mashine hiyo. Walimbandika katika daftari la kazi na kuandika kwamba huyo ndiye mdudu wa kwanza wa kweli kupatikana. Maneno hayo yenyewe yanatuonyesha kwamba ulikuwa ni mzaha, na mzaha huo usingekuwa na maana kama neno halikuwa likitumika tayari. Kwa hakika Thomas Edison alikwisha kulitumia kwa kasoro za mitambo yake mwaka 1878. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa fani ya programu, ndiye aliyekieneza kisa cha nondo kwa kukisimulia mara kwa mara.

Je, yafaa nasi tuseme "mdudu"? Tunaona kwamba haifai. Katika Kiswahili mdudu huingia kutoka nje: huingia katika ghala, katika jino, au katika mwili kwa sura ya vijidudu vya maradhi. Kasoro ya programu haikuingia, iliandikwa. Jambo hili lilimdhihirikia mapema Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye kompyuta yake, EDSAC, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi alivyotambua, mwaka huo huo, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingetumika kutafuta makosa katika programu alizoziandika yeye mwenyewe. Neno "kasoro" hulitunza wazo hilo. Neno "mdudu" hulipoteza.

Mfano wa pili unatuonya juu ya tafsiri ya neno kwa neno. Katika mifumo ya jamii ya Unix, programu inapokufa ghafla, huweza kuachwa faili lenye nakala ya yote yaliyokuwamo katika kumbukumbu yake wakati huo. Jina lake la Kiingereza lina neno ambalo mfasiri mwenye haraka atalifasiri kuwa "kiini". Lakini hapo hakuna kiini chochote. Neno hilo latokana na vipete vidogo vya sumaku vilivyotumika kuhifadhi kumbukumbu, ambavyo vilifungwa katika kompyuta ya Whirlwind huko Marekani mwaka 1953. Vipete vyenyewe vilikwisha kuachwa, bali jina limebaki. Mfasiri anayeandika "umwagaji wa kiini" amefasiri herufi. Anayeandika "nakala ya kumbukumbu" amefasiri kitu.

Sasa tuvirudie vihariri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT, Dan Murphy alitunga TECO, ambacho kilikusudiwa kusahihisha programu zilizokuwa zikihifadhiwa katika utepe wa karatasi uliotobolewa. Juu ya msingi wa TECO, Richard Stallman na Guy Steele walijenga Emacs mwaka 1976; na mwaka huo huo Bill Joy alianza kutunga vi huko Berkeley. GNU Emacs ya mwaka 1985 ilimpa kila mtumiaji uwezo wa kuwa na faili lake la mipangilio, ambalo husomwa kila kihariri kinapoanza. Faili hilo lenyewe ni programu. Hivyo basi kosa moja ndani yake huweza kuzuia yaliyosalia yasisomwe, ingawa kihariri chenyewe ni kizima kabisa.

Vim, iliyotolewa kwa umma na Bram Moolenaar mwaka 1991, ilifuata njia iyo hiyo, nayo ina uhusiano wa kweli na eneo letu. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ndipo alipoweka katika ukurasa wa mwanzo wa Vim ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki mwaka 2023. Kwa watumiaji wengi, kuliona ombi hilo kulikuwa ndiyo dalili ya kwanza kwamba kihariri kimeanza salama.

Watungaji hao walijua kwamba hatari imo katika vile visomwavyo wakati wa kuanza. Kwa hiyo waliacha mlango wa dharura: Emacs huanza bila faili la mipangilio kwa alama -q, na Vim kwa alama -u NONE. Visual Studio Code, iliyotolewa mwaka 2015, huweza kuanza bila viongezo vyovyote. Aidha, mipangilio na viongezo vyake huhifadhiwa mahali mbali na programu yenyewe, na kuiondoa programu hakuvifuti. Hapa ndipo penye jibu la taabu ya mwanafunzi wetu. Kila aliposakinisha upya alibadilisha sehemu iliyokuwa nzima, akaiacha pale pale ile yenye kasoro.

Angepaswa kufuata utaratibu huu: kwanza, akianzishe kihariri kutoka katika dirisha la amri, ili ausome ujumbe wa mwisho kabla ya kuzimika, pili, akianzishe bila mipangilio wala viongezo, tatu, kikianza salama, aibadili jina folda ya mipangilio ya zamani, au avizime viongezo nusu kwa nusu, kwani kiongezo kimoja kibovu kati ya 16 hupatikana kwa majaribio 4 tu. Kisipoanza hata hivyo, achunguze kama maktaba za mfumo wake zinalingana na toleo alilolisakinisha.

Tunapendekeza basi istilahi zifuatazo:

(a) Kosa: tendo la mwandishi wa programu anapokosea.

(b) Kasoro: kile kilichobaki katika maandishi ya programu au ya mipangilio kutokana na kosa.

(c) Hitilafu: kile anachokiona mtumiaji kasoro inapojitokeza.

(d) Kuzimika: programu kufa ghafla, nayo itofautishwe na kukwama, ambako dirisha hubaki lakini halijibu.

(e) Kuharibika: litumike tu pale ambapo faili la programu lenyewe limepotea au limepungua. Hapo ndipo kusakinisha upya huwa dawa.

Neno "kuzimika" halikuchaguliwa kwa kubahatisha. Taa ya mafuta ikizimika, hakuna aitupaye. Watu huuliza: mafuta yamekwisha, utambi umefupika, au upepo umeingia? Neno hilo hufungua maswali, ilhali "kuharibika" huyafunga.

Mwaka 2004 mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi katika Kiswahili. Mambo ya namna hiyo yalipoanza, ujumbe wa hitilafu haukuwa tena shauri la wataalamu wachache. Ukawa ni maneno ambayo karani au mwalimu huyasoma akiwa peke yake mbele ya mashine, na huyafuata. Hapana budi basi wafasiri wakumbuke kwamba katika fani hii istilahi ni agizo pia. Ikiwa si sahihi, mtu atatengeneza mahali pasipoharibika.