Upepo ulioijenga Tabora na jairoskopu isiyo na feni

Ukitaja historia ya Tabora, watu hukumbuka pembe za ndovu, Mirambo na wapagazi wa Kinyamwezi. Sawa kabisa. Ila kuna mhusika mmoja tunayempita bila salamu. Upepo.

Vitambaa vya Bara Hindi, kabla ya kupanda kichwani mwa mpagazi na kutembezwa zaidi ya kilomita 700 hadi Unyanyembe, vilikuwa vimesukumwa baharini na kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi. Pembe, na binadamu waliouzwa kama bidhaa, walipelekwa pwani. Majahazi yakasubiri kusi, yakarudi. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Oman wamekwisha kujenga na kulima.

Sasa jiulize: kwa nini kaskazi haitoki kaskazini moja kwa moja, bali kaskazini mashariki? Mwaka 1686 Edmond Halley alieleza kuwa pepo hizi husababishwa na joto la jua. George Hadley akaongeza, mwaka 1735, kwamba dunia inageuka chini ya hewa inayosafiri, ndiyo maana njia yake inapinda. Mfaransa Coriolis akaiwekea hesabu jambo hilo mwaka 1835.

Haya, tupunguze dunia iwe ndogo kama kiberiti. Ndani yake weka sindano kali, uipe umeme wa volti elfu kadhaa. Hewa kwenye ncha inavunjika kuwa ioni, chembe zenye chaji. Zikisukumwa na umeme zinagonga hewa nyingine, na upepo unavuma bila feni. Upepo wa namna hii si mgeni: Francis Hauksbee aliuandika mwaka 1709. Kipya ni matumizi. Miaka ya 2010 watafiti wa Vietnam na Australia waliuelekeza upepo huo kwenye nyaya nyembamba zilizopashwa moto. Kisanduku kikitulia, nyaya zinapozwa sawasawa. Kikigeuzwa, upepo unapinda, waya mmoja unapoa kuliko mwenzake, na tofauti hiyo inakuambia kimegeuka kwa kasi gani.

Simu ya kijana wa Ipuli, kama ina jairoskopu, hutumia njia nyingine: kipande kidogo cha silikoni kinachotetemeka. Faida ya upepo ni kwamba hakuna kipande cha kutetemeka, kwa hiyo mshtuko hauna cha kuvunja hapo.

Je, Tabora yenyewe inageuka? Naam, polepole. Pendulamu ya Foucault, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1851, huko humaliza duara kwa saa 32 hivi. Tabora, nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, ingechukua siku 11 na ushee.

Ninachotaka kusema ni hiki. Shuleni tulikariri kaskazi na kusi kwenye jiografia, misafara kwenye historia, na mwendo kwenye fizikia, kana kwamba ni nchi tatu zisizopakana. Mtoto wa Tabora akaamini kwamba sayansi ni kitu cha kuagizwa kutoka nje, kama merikani. Kumbe kanuni inayofanya kisanduku kile kifanye kazi ndiyo iliyopindisha upepo ulioleta mizigo mpaka mlangoni kwa babu zake.

Walimu mnaosoma hapa, mnangoja nini?