Je, Nchi Huanza Siku Inapopewa Jina?

Wapo wanaoisoma historia ya Nigeria kana kwamba nchi hiyo ilizaliwa siku Waingereza walipoipa jina. Tumeona ni vyema tulitazame suala hili kwa uadilifu, kwani mwenye kukupa jina mara nyingi hutaka pia kukusimulia wewe ni nani.

Jina hilo limetokana na Mto Niger. Aliyelipendekeza ni Flora Shaw, mwandishi wa habari Mwingereza, katika gazeti la The Times la tarehe 8 Januari 1897. Alitaka jina fupi la maeneo yaliyoshikwa na Kampuni ya Kifalme ya Niger. Lagos haikuwemo. Mwaka 1902 aliolewa na Frederick Lugard, na ni Lugard huyo aliyeunganisha Kaskazini na Kusini kuwa koloni moja tarehe 1 Januari 1914. Wenyeji hawakuulizwa.

Je, kabla ya hapo palikuwa patupu? La, hasha! Watawala wa Kanem walisilimu katika karne ya 11. Mwishoni mwa karne ya 15, Sheikh Muhammad al-Maghili alimwandikia Muhammad Rumfa, mtawala wa Kano, risala juu ya wajibu wa kiongozi. Mwaka 1804 Sheikh Uthman dan Fodio alianza harakati zilizozaa dola ya Sokoto. Mwanawe, Muhammad Bello, aliandika kwa Kiarabu mwaka 1812 tarikh ya nchi alizoziita Bilad al-Takrur. Basi jina lilikuwepo, na kalamu ya kuliandika ilikuwepo, miaka 85 kabla ya makala ya Shaw.

Hata hivyo, insafu inatulazimu kusema kweli yote. Takrur halikuwa jina la Nigeria nzima ya leo. Kusini walikuwepo Wayoruba wa Ife na Oyo, na ufalme wa Benin, ambao Waingereza waliuteketeza Februari 1897. Waigbo wengi waliendesha mambo yao kwa mabaraza ya wazee bila mfalme. Hapakuwa na jina moja kwa sababu hapakuwa na dola moja. Lakini kukosa jina moja si kukosa historia.

Mafakihi wana kanuni kwamba katika mikataba huzingatiwa makusudio na maana, si matamshi. Tukiiazima kanuni hiyo hapa, hatuoni ubaya kulitumia jina Nigeria, kwani wenyewe wamelikubali. Ubaya ni kudhani kuwa elimu, hukumu na utawala vililetwa pamoja na jina hilo. Sultani Attahiru wa Kwanza wa Sokoto aliuawa na majeshi ya Waingereza huko Burmi, Julai 1903, akiitetea dola iliyokuwa na makadhi na vitabu vyake. Mwalimu anayeanza somo lake mwaka 1914 huwa amewazika watu hawa mara ya pili.

Wallahu a'lam.