KAMPALA YA MWAKA 1972 KATIKA VITABU VYA WALIOONDOKA

Kamati imetuomba sisi walimu tuandike machache ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Wengi wetu tuliijua Kampala kwanza kama mji wa kupokelewa: tulishuka kwenye basi, tukaulizia ofisi ya wakimbizi, tukapanga foleni. Mwaka 1972 watu walipanga foleni katika mji huohuo ili watoke.

Tarehe 4 Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Hata miongoni mwa waliokuwa raia wa Uganda, wengi walipoteza uraia kwa kasoro ndogo za karatasi. (Sisi tunaotunza karatasi zetu ndani ya mifuko ya nailoni hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Kanada ilifungua ofisi Kampala mwezi wa Septemba, ikachukua watu 6,000 hivi. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000. Kwenye barabara ya Entebbe askari waliweka vizuizi, na wasafiri wengi walinyang'anywa vidani na saa zao.

Hadithi ya vijana ilichelewa. Shenaaz Nanji, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Kanada, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Child of Dandelions mwaka 2008, yaani miaka 36 baadaye. Iliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada. Mhusika wake mkuu ni Sabine, msichana wa miaka 15 wa ukoo wa Kihindi, anayejiona Mganda kabisa, na baba yake anaamini kuwa uraia utawalinda. Rafiki yake mpenzi ni Zena, Mwafrika. Siku zinavyopungua, urafiki unavunjika. Kwa maoni yetu nguvu ya kitabu iko hapo kwa Zena. Mwandishi angeweza kumfanya adui tu, lakini Zena ana hoja: nani alikuwa na duka, na nani alifagia duka hilo?

Tina Athaide, aliyezaliwa Entebbe na kukulia ng'ambo, alifuata mwaka 2019 na Orange for the Sunsets. Yeye aligawa usimulizi kwa zamu kati ya watoto wawili wa miaka 12, Asha Mhindi na Yesofu Mwafrika.

Tulipowasimulia wanafunzi habari hizi, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwani hao hawakupita kambini?" Walipita. Uingereza iliweka kambi 16, nyingi zikiwa kambi za jeshi zilizoachwa, kama Stradishall, na Tonfanau kule Wales kando ya bahari yenye baridi. Wasio na uraia wowote walipelekwa na Umoja wa Mataifa kwenye kambi za muda katika nchi kama Italia na Austria. Mahmood Mamdani, ambaye baadaye alikuwa profesa Makerere, aliishi katika kambi ya Kensington, London, akaandika kitabu juu yake mwaka 1973. Nao mji wa Leicester ulilipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasihamie huko. Maelfu walikwenda hata hivyo.

Darasa lilinyamaza kidogo, kisha maswali yakawa mengi kuliko muda. Watoto hawa nyumbani husema Kiswahili au Kinyabwisha, shuleni Kiingereza, sokoni lugha ya wenyeji. Habari za Asha na Sabine hazikuwashangaza sana. Tuliwapa kazi ya kuandika juu ya rafiki waliyemwacha. Zilirudi insha 41, mbili kati yake zikiwa na jina la rafiki tu na ukurasa mtupu. Zote zimehifadhiwa kwa katibu wa kamati, na wazazi wanaotaka kuzisoma wanakaribishwa.