Je, kuagiza gari la familia kutoka ng'ambo huokoa pesa?

WAKAZI wa Taita Taveta wanaotafuta gari la familia mara nyingi huvutiwa na bei za Japani. Hata hivyo, bei hiyo ni mwanzo tu wa gharama.

Kwa gari lililotumika, Mamlaka ya Ushuru (KRA) haitozi kodi kwa kufuata bei aliyolipa mnunuzi. Huchukua bei ya gari kama hilo likiwa jipya humu nchini, kisha huipunguza kulingana na umri wake.

Tangu 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu yake huongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini ndogo, halafu VAT ya asilimia 16. Hivyo, gari lililokadiriwa kuwa la thamani ya Sh1 milioni hutozwa Sh350,000, Sh270,000 na Sh259,200. Jumla ni Sh879,200, kabla ya ada nyingine za serikali, bandari, wakala na usajili.

Kuvuka mpaka wa Taveta kununua gari Tanzania hakuondoi mzigo huo. Ili lisajiliwe Kenya, sharti liwe na usukani wa kulia, lisizidi umri wa miaka minane na lilipiwe kodi.

Mkazi wa Voi ana nafuu moja: Mombasa ni karibu. Ajumlishe gharama zote, kisha alinganishe na bei za yadi za huko. Tofauti ikiwa ndogo, heri gari alilolikagua kwa macho yake.